Nani Alitangulia Mtaani

Jumatatu, tarehe 8

Leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nimepoteza nafasi yangu katika historia ya mtaa huu. Nimeona kwa macho yangu, ukutani, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Jiji. Wameandaa maonyesho ya wanafunzi. Picha kubwa ya fundi saa wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Bwana Dakika, na chini yake maneno: Fundi wa kwanza wa mtaa. Mimi fundi mizani nilifungua kibanda siku mia moja na kumi na mbili kabla yake. Nimehesabu mara tatu.

Mtunza nyaraka, dada mmoja mpole mwenye miwani, akaniambia mzee wangu, hapa hatubandiki sifa, tunabandika ushahidi. Fundi saa kaleta kibali chake cha biashara, wewe hujaleta kitu. Ijumaa wanakuja wanafunzi arobaini na watatu kuusoma ukuta huo, na mwalimu wao wa historia. Mwalimu mwenyewe ni binti yangu. Yaani mwanangu wa kumzaa awafundishe watoto wa watu kwamba babake ni wa pili.

Haitatokea.

Jumanne, tarehe 9

Nimepekua nyumba nzima. Kibali nimekikuta chini ya godoro la wageni, ndani ya bahasha ya eksirei ya goti. Muhuri upo. Tarehe ipo. Nikapita mbele ya duka la Bwana Dakika, bahasha nimeinyanyua juu. Akauliza kama goti limeanza tena. Nikaendelea na njia yangu. Debe tupu ndilo linalovuma.

Jumatano, tarehe 10

Dada wa miwani anasema kitu hakibandikwi mpaka kikabidhiwe rasmi. Fomu ya kurasa tatu. Akanisihi niisome taratibu. Nikamwambia nimejenga nyumba ya vyumba vitano bila kufundishwa na mtu, visanduku vya fomu havinishindi. Ukurasa wa pili vilikuwa vitatu: miaka mitano, kumi, thelathini. Mtu mzima hachagui mitano. Nikatia alama kwenye thelathini, nikasaini kwa madaha.

Alhamisi, tarehe 11

Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni. Ukuta uleule, picha ileile. Dada akaitoa fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari nilioruka: muda ambao waraka utafungwa, asiuone yeyote ila aliyeukabidhi. Miaka thelathini. Nina sitini na minane. Kibali changu kitabandikwa nikiwa na tisini na minane, Mungu akipenda.

Nikamwambia afute. Akasema hafuti peke yake, kamati ndiyo inayofuta, nayo hukaa kila baada ya miezi mitatu. Imekaa juzi. Ila kukisoma naruhusiwa. Basi nikaketi, mikono nimenawishwa, kalamu ya wino nimenyang'anywa, nikasoma kibali changu mwenyewe dakika arobaini huku mlinzi akinikodolea macho kama mwizi.

Binti yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniomba, baba, nakusihi, kesho usije. Nikamwambia sawa.

Ijumaa, tarehe 12

Nimekwenda. Bwana Dakika naye alikuwepo, na tai kavaa. Nikajitokeza, nikawaeleza watoto kwamba aliyetangulia ni mimi. Bwana Dakika akasema jirani, maneno hata kasuku anayo, toa karatasi. Nikasema karatasi ipo, humuhumu ndani, ila imefungwa kwa miaka thelathini. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mlinzi.

Binti yangu hakunitetea. Hakumtetea na yule. Aliwaambia watoto: mnawaona wazee wawili wanabishana, basi msimwamini yeyote, tafuteni wenyewe. Dada wa miwani akawatolea daftari la viwanja, kubwa kama mlango. Wakaliinamia. Robo saa haijaisha, msichana mmoja akanyoosha mkono. Kiwanja namba saba, mnoa visu, mwanamke, miaka kumi na tisa kabla yetu sote.

Watoto wakaanza kugombania zamu ya kuliona jina lake. Binti yangu alikuwa anang'aa uso, sijamwona hivyo tangu siku alipohitimu. Akaninong'oneza kwamba bila ubishi wetu wasingelifungua daftari lile hata kwa fimbo. Nikaitikia. Ila akili yangu ilikuwa kiwanja namba saba.

Jumamosi, tarehe 13

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Kunoa ni kusugua chuma kwenye jiwe. Hakuna skrubu, hakuna springi, hakuna kipimo. Asubuhi nimeingia dukani kwa Bwana Dakika, mara ya kwanza katika miaka tisa. Akanipa kiti. Tumekubaliana kwamba huyu mama aondoke kwanza, halafu sisi wawili tutajuana. Barua nimeandika mimi, saini tumetia wote:

Kwa Mtunza Nyaraka. Hatutaki maelezo, hatutaki kamati, hatutaki fomu. Mnoa visu ni fundi? Ndiyo au siyo. Jibu litufikie kwa maandishi kabla ya saa sita kamili mchana, Jumatatu tarehe 15.