Hotuba ya Kuzindua Kichwa Kipya cha Mashine ya Kufyekea Nyasi za Zahanati

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kichwa, Makamu wake, Makamu wa Makamu ambaye ni shemeji yangu lakini alipita kwa vigezo, daktari wetu, wauguzi, akina mama mliopata viti na ninyi mliokosa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Miezi minane iliyopita, mtunza bustani wa zahanati hii, mzee wetu yule aliyesimama pale ameshika kiuno, aliniletea barua kwamba kichwa cha mashine ya kufyekea kimepasuka, hakishiki tena uzi wa kukatia, nyasi zimefika magotini na mgongo wake hauwezi tena fyekeo; nami, kwa kuwa ni kiongozi msikivu, niliunda papo hapo kamati ya wataalamu kumi na wanne, tukafanya upembuzi yakinifu, warsha tatu na ziara ya mafunzo, tukashirikisha wadau, tukachora rodimapu, yaani ramani ya utekelezaji, na leo natangaza kwa fahari kwamba mradi umefikia asilimia tisini na mbili, ikibaki kazi ndogo tu ya kukitoa kichwa cha zamani. (Vicheko nyuma.)

Nitakitoa mwenyewe, mbele yenu. Makamu, shika mashine. Nachomeka bisibisi kwenye kitundu hiki ili mhimili usizunguke pamoja na kichwa, kisha nakizungusha kushoto, kama kamati ilivyokizungusha miezi yote minane, kwa zamu, kila mjumbe akitia saini. Kimekaza kidogo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

(Mtunza bustani: “Mheshimiwa, mashine hii kushoto ndiko kukaza. Zungusha kulia.”)

Mzee wangu, tulia, hili ni suala la kitaalamu. (Anazungusha kushoto. Koti linachanika kwapani. Makofi.)

(Mtunza bustani: “Niliandika kwenye barua, ukurasa wa pili.”)

Barua tuliisoma kwa awamu, na awamu ya pili haijaanza. (Mtunza bustani anaichukua mashine, anazungusha kulia mara moja. Kichwa kinatoka. Vigelegele.) Kama mlivyojionea, chini ya uongozi wangu kichwa kimetoka.

Kichwa kipya! (Umati: “Nyasi chini!”) Kamati imara! (Sauti moja, ya shemeji: “Nyasi chini!”)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru daktari kwa kutuazima boksi hili zuri, ambalo naomba lisifunguliwe, maana ndani mna picha tu ya kichwa kipya, chenyewe tutaanza kufikiria kukiagiza mwakani. Na kwa namna ya pekee namshukuru mtunza bustani, aliyeamka alfajiri akaufyeka uwanja huu wote kwa mkono, na mgongo wake ule, ili tupate pa kukaa tuizindue mashine. Mzee, sogea. Mpiga picha, uko tayari? Kwa mamlaka niliyopewa, nakukabidhi rasmi fyekeo lako.