Mama na Baba Watoke Sare

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya likizo. Mama ametuambia mimi na mdogo wangu Enen kwamba hakimu ameagiza tupimwe na mwanasaikolojia. Familia nzima! Hata Baba, ingawa tangu Februari anaishi kwa shangazi mtaa wa Hougang, upande mwingine wa Singapore. Mwanasaikolojia atatuchunguza sote, ataandika ripoti, kisha hakimu ataamua sisi watoto tukae na nani. Nimeuliza mtihani ni lini na una karatasi ngapi. Mama amesema si mtihani. Watu wazima husema hivyo wakiwa hawajajiandaa.

Baada ya chakula nimeteremka chini ya jengo kumwona Shermaine Loh. Tunasoma darasa moja. Wazazi wake walitalikiana zamani, basi kwa mambo haya anajiona profesa. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo. "Pole, mwenzangu. Mwenye alama nyingi ndiye anayechukua watoto. Wakikaribiana, wanagawana. Wewe huku, mdogo wako kule." Akaendelea kula barafu yake.

Kugawana! Enen ana miaka sita. Akilala huuliza maswali, na usipomjibu huinuka akatembea huku amefumba macho. Nani atamjibu kule Hougang? Shangazi hulala na pamba masikioni.

Nimefikiri kwenye lifti, na kabla haijafika juu nilikuwa na mpango. Shermaine alisema wakikaribiana. Hakusema wakilingana. Mwaka jana wasichana wawili wa shule yetu walipata alama sawa katika shindano la hisabati. Hawakuchaguliwa mmoja. Walipandishwa jukwaani pamoja! Basi Mama na Baba lazima watoke sare, na hakimu atawarudisha nyumbani pamoja. Ni rahisi. Nitamsukuma aliye nyuma na kumvuta kidogo aliye mbele.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Bras Basah kwenye maduka ya vitabu kutafuta maswali ya mitihani iliyopita. Muuza duka aliuliza ya darasa la ngapi. Nikasema ya wazazi. Akamwita mkewe aje asikie. Nilieleza tena, kwa adabu. Walishauriana, wakasema ya wazazi haijachapishwa bado, ila wana ya sayansi, darasa la sita, yenye majibu nyuma. Nimeinunua. Si vizuri kutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo nimetunga majibu ya mfano mwenyewe. Mwalimu Goh ametufundisha kwamba insha bila maneno mazuri ni wali bila mchuzi. Enen amepewa sentensi mbili za kukariri, zenye uzito sawa. Ya Mama: "Mikono yake laini hunifuta machozi." Ya Baba: "Ndevu zake hunitekenya anaponibusu." Enen alipinga. Alisema Baba hana ndevu, na Mama hukutupia tu kitambaa ujifute mwenyewe. Nikamwambia hiyo ndiyo insha, Enen, haina haja ya kuwa kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu ya Mama. Maafa! Amefanya vizuri mno.

Mama ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha biskuti. Alifika kabla mlango wa kliniki haujafunguliwa, na faili lenye kadi zetu za chanjo na picha za chakula chetu cha jioni tangu Machi. Mimi na Enen tulisubiri nje. Daktari Vasanthi, yule mwanasaikolojia, ni mama mrefu mwenye sauti ya chini na nywele za mvi asizozipaka rangi. Alitusalimu, akatuuliza kama tumekula. Nilijibu kwa sentensi kamili.

Mama alipotoka, nilimwuliza yalikuwaje. Akasema, "Kawaida tu. Ila rafu zake zina vumbi." Alipitisha kidole! Mtahiniwa anayemkagua msimamizi! Hapo hakuna shaka, yuko mbele sana.

Jioni nimempigia Baba simu kumwandaa. Awahi. Achomekee shati. Amsifu Mama, maana wasahihishaji hupenda mizani. Aonyeshe ukarimu. Baba akasema, "Ndiyo, mwalimu." Baba huendesha basi na ana subira nyingi. Nina matumaini naye.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Baba alionyesha ukarimu kwa doriani, lile tunda la miiba linalonuka hadi mtaa wa pili. Zima! La msimu, kubwa kama kichwa cha mtoto. Treni hairuhusu doriani na dereva wa teksi alimkatalia, hivyo alitembea nalo juani hadi kliniki. Alichelewa, na shati lilikuwa limechomoka lenyewe.

Sisi tulifika baada yake na Mama akatuacha mlangoni, akasema harufu ile anaijua. Karani wa mapokezi ndiye aliyetusimulia, akiwa ameziba pua. Daktari alikataa zawadi. Kanuni haziruhusu. Lakini Baba ni mtu mwenye malezi. Anajua kwamba mtu mstaarabu hukataa mara mbili ya kwanza, na ni utovu wa adabu kumwacha akatae kweli. Akasisitiza. Daktari akakataa. Akasisitiza tena. Daktari akakataa. Baba akaona mama wa watu ana adabu za kupindukia, akamwondolea aibu kwa kulipasua palepale juu ya meza ya mapokezi.

Daktari wa meno wa mlango wa pili alikuja kuuliza kama bomba la gesi limepasuka.

Kumsifu Mama hakusahau. Amenieleza mwenyewe kwa fahari. Alimwambia Daktari kuwa mke wake hana mpinzani katika kazi yake: "Hata mimi alinikagua miaka kumi na tatu, kisha akanirudisha kiwandani." Baba alidhani hiyo ni sifa.

Sasa yuko nyuma kabisa. Hakuna njia nyingine. Lazima Mama apunguzwe.

Jumanne, 11 Juni

Daktari Vasanthi amekuja nyumbani kumwona Mama akiwa nasi. Mama alikuwa amepiga deki hadi sakafu inateleza. Alipoingia kuoga, nilifanya kazi haraka. Nguo zote zilizoanuliwa nikazimwaga sebuleni. Vitanda nikavivuruga. Kikapu cha vitu vya kuchezea vya Enen nikakipindua juu ya zulia. Iliniuma, maana mimi ni mtu wa mpangilio. Kengele ikalia.

Mama alitoka na taulo kichwani, akasimama kama mtu aliyeona mzimu. Daktari alivua viatu, akaangalia sebule, akatabasamu. Alitabasamu! Akaketi chini katikati ya vile vitu, akasema ni nyumba nyingi anazotembelea ambazo hazionekani kama kuna watoto ndani. Akaandika. Akaandika tena!

Ndipo Enen akakumbuka kazi yake. Alisimama, mikono kando, akamkabili Mama na kutamka kwa sauti ya shule: "Mama, ndevu zako hunitekenya unaponibusu." Daktari akatazama kidevu cha Mama. Hakukusudia, lakini alitazama. Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya rundo la nguo, taulo likamfunguka, Enen akamrukia. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona Mama akicheka hivyo. Ilikuwa nzuri kwa macho na mbaya sana kwa mpango wangu.

Nilimsimulia Shermaine, nikitaka ushauri wa kitaalamu tu. Akaniambia, "Yaani umemfundisha mtoto kwamba mama yenu ana ndevu? We Hui Shan, hata kuibia mtihani kuna akili yake." Halafu akaongeza kwamba pengo likiwa kubwa hivi, hakimu humpa aliye nyuma mtoto mmoja wa kumliwaza. Sijui hayo huyatoa wapi.

Ijumaa, 14 Juni

Zamu ya Hougang. Nafasi ya mwisho ya Baba.

Safari hii sikuacha kitu kwa bahati. Nilimfundisha Baba ishara. Nikikohoa mara moja, amsifu Enen. Nikikohoa mara mbili, amkumbatie. Tulifanya mazoezi kwa simu, akapatia kila mara.

Daktari alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Baba na Enen walikuwa wakipanga vipande vya picha ya twiga. Nikakohoa mara moja. Baba akasema, "Enen, una akili kama dereva wa zamu ya usiku." Vizuri sana! Daktari akaandika.

Sikujua kwamba shangazi ameweka kikaango motoni. Alikuwa anakaanga pilipili na kamba wa kusaga, na dirisha la jikoni limefungwa ili majirani wasilalamike. Moshi ukaja. Nikakohoa mara mbili bila kutaka. Baba akamkumbatia Enen. Nikakohoa tena. Akamkumbatia tena. Sikuweza kuacha! Enen naye akakohoa. Baba, ambaye hajawahi kukiuka taa ya barabarani, alitii kila ishara. Alimkumbatia Enen, akanikumbatia mimi, akamkumbatia shangazi aliyekuja kuuliza kuna nini. Shangazi akamsukuma: "We Ah Huat, umelewa? Saa nne asubuhi?"

Kisha Daktari Vasanthi akakohoa mara mbili.

Baba alisimama. Jasho lilimtoka. Alimtazama Daktari, akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote. Akamletea glasi ya maji.

Daktari alikunywa, akafuta machozi ya pilipili, akaniuliza kwa upole kama ningependa kwenda kusimama barazani kidogo, kwa ajili ya kifua changu. Nimetolewa chumba cha mtihani. Mimi! Kiranja wa darasa!

Jumatano, 19 Juni

Zamu yangu.

Nilikuja na penseli tatu na rula. Daktari alinipa karatasi nyeupe akaniomba nichore familia yangu. Niliuliza ina alama ngapi. Akasema haina alama. Niliuliza muda. Akasema wowote. Mtihani wa hila sana.

Nilipima kwa rula. Mama na Baba urefu mmoja, umbali mmoja kutoka ukingoni, vifungo idadi moja. Enen katikati kabisa. Nikafuta, nikapima upya, nikaikabidhi. Daktari aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza mimi niko wapi.

Nilikuwa nimejisahau. Jibu pungufu! Niliomba karatasi irudishwe, akanirudishia. Lakini nafasi haikuwepo, nilikuwa nimegawa karatasi yote. Nikajichora kwenye kona, nimelala, maana kusimama singeenea.

Daktari alisema amegundua kwamba nimefanya kazi kubwa mwezi huu. Hakutaja doriani wala kikohozi, lakini nilijua anajua. Akauliza ninataka nini. Nikaanza jibu langu la mfano: wazazi ni mabawa mawili ya ndege mmoja. Akasikiliza hadi mwisho, akasema ni jibu zuri, sasa angependa kusikia la kwangu.

Nilimwambia hilo sikulisomea.

Alisema hana haraka. Basi nikamweleza kuhusu maswali ya Enen. Kwamba juzi aliuliza samaki hulala wapi, nikamjibu chini ya mawe, akatulia. Kwamba majibu lazima yawe mafupi, na ya kweli, na mtu awe kitanda cha karibu. Kwamba wakitugawa, atatembea, na huko Hougang ni ghorofa ya tisa. Na sikutumia neno zuri hata moja.

Daktari alisema hawezi kuahidi kwa niaba ya hakimu, lakini ataliandika kama nilivyolisema. Akaandika polepole. Kisha akasema mimi ni mtoto, kupima wazazi si kazi yangu, na hakuna anayefaulu wala kufeli hapa. Je, nimemwelewa? Nikasema nimemwelewa.

Nimepoteza alama nyingi sana leo.

Jumatano, 24 Julai

Hakimu ameamua! Mama na Baba walitueleza pamoja, mezani kwetu. Baba alivua viatu mlangoni akakaa kiti cha mgeni, ingawa hakuna aliyemwonyesha kiti. Hatugawanywi. Mimi na Enen tutakwenda pamoja popote. Siku za shule hapa kwa Mama, Ijumaa jioni hadi Jumapili kwa Baba, likizo nusu kwa nusu. Enen aliuliza kama atalala karibu nami pande zote mbili. Mama akasema ndiyo, hilo hakimu amelitaja. Nilikwenda chooni kidogo, kisha nikarudi.

Niliuliza kila mmoja amepata alama ngapi. Baba akasema ripoti ni siri ya hakimu, hata wao hawajaiona. Mtihani ambao watahiniwa hawaonyeshwi matokeo! Mama akanishika bega, akasema Daktari amemwomba anikumbushe kwamba hakuna aliyepewa alama, na kwamba sasa naweza kupumzika. Nikasema nimeelewa.

Na nimeelewa vizuri sana. Nimepiga hesabu. Mama ana siku nyingi, lakini za shule, ambazo ni fupi. Baba ana chache, lakini za mapumziko, ambazo ni ndefu. Likizo nusu kwa nusu. Hiyo ni sare! Sare kamili! Mpango wangu umefanikiwa kila hatua, hata pale ulipoonekana haufanikiwi. Shermaine anasema hiyo si sare, ni ratiba tu. Wivu.

Baba alikunywa chai, akavaa viatu, akashuka na lifti. Hapo ndipo pamebaki kasoro ndogo. Lakini Mama amesema uamuzi unaweza kuangaliwa upya mambo yakibadilika. Kwa hiyo kazi ni kuyabadilisha tu. Likizo ya Septemba inatosha. Na safari hii sitahangaika na Daktari, nitaanza na hakimu mwenyewe. Lazima ana mtoto, na hakuna mtoto Singapore asiyekwenda tuisheni. Kesho naanza kumtafuta mtoto huyo katika vituo vya tuisheni vya mtaa huu, kimoja kimoja.