Kamati ya Kushusha Bei ya Samaki Wasiokuwepo

Haya ninayoandika ni kweli tupu, na mwenye shaka aje Nsambya, kwenye nyumba za polisi, aulizie Mzee Santo, nimwonyeshe simu yenyewe.

Idara ya Masoko Yasiyoshikika ilitangaza, kwa tarumbeta na soda za bure, kuundwa kwa Kamati ya Mizani ya Uchumi wa Michezo ya Mtandaoni. Mimi, mtunza stoo mstaafu wa polisi, niliteuliwa mshauri, kwa kuwa ndimi mzee pekee niliyejulikana kuwa na duka ndani ya simu.

Mchezo wenyewe uliitwa Duka Langu. Aliutengeneza Blandine, binti wa Kikongo mwenye chumba kimoja juu ya gereji, kule Kisenyi. Unaanza na kapu la samaki wa Ggaba, kwenye mwalo wa wavuvi ziwani, unauza, unapata sarafu, unanunua mtumbwi, mwisho unajenga ghorofa. Ukifikisha sarafu elfu, Blandine anakutumia vocha ya simu, vocha ya kweli. Watu elfu kumi walicheza, matangazo yakamlipa, akala vizuri.

Tatizo lilikuwa dogo. Samaki alikuwa amepanda kutoka sarafu tano hadi sita. Blandine alisema atalirekebisha kabla ya chai. Idara ikaona jambo zito namna hiyo haliwezi kuachiwa mtu mmoja anayelielewa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Kamishna Oloya, aliyewahi kuunda kamati ya kuchunguza kwa nini kamati zinachelewa. Aliagiza vikao vifanyike humo humo mchezoni, katika ukumbi ambao Blandine alilazimishwa kuuchora, wenye mazulia. Kila mjumbe alikaa kwake sebuleni, akasaini daftari la mahudhurio kwa kidole, akapokea sarafu: posho ya kikao, nauli ya kwenda na kurudi, na fidia ya mazingira magumu, maana mtandao hukatika. Sarafu hizo hazikuwepo. Blandine aliamriwa azizalishe.

Baada ya kikao cha kwanza, samaki alifika sarafu tisa. Hali ikawa ya dharura, tukakaa vikao viwili. Samaki akafika ishirini. Tukakaa vinne. Mwezi ulipoisha, samaki mmoja alikuwa bei ya mtumbwi, wachezaji wanakimbia kwa mamia, na wajumbe wanabadilisha posho kuwa vocha. Blandine aliuza meza yake, kisha kiti. Akatueleza, amesimama, kwamba wachezaji wakipungua chini ya elfu tatu anafunga, arudi kutembeza vitenge juani kama mama yake.

“Waheshimiwa,” akasema, “bei inapanda kwa sababu ya posho yenu.”

Kamishna alimwangalia kwa huruma. “Binti yangu, posho ni haki. Bei ni utaalamu. Usichanganye.”

Tukapiga makofi. Makofi yakaandikwa kuwa kikao.

Wiki iliyofuata Blandine alileta kanuni mpya, kurasa mbili tu. Kila sarafu inayoingia lazima iwe na mlango wa kutokea, ilisema. Gharama za vikao zitabebwa na waliosaini mahudhurio, kuanzia kikao cha kwanza. Atakayeishiwa sarafu atatumbua samaki mwaloni Ggaba, ndani ya mchezo, samaki mmoja kwa kila kubonyeza, na duka lake litafungwa hadi amalize.

Kamishna hakusoma. Aliuliza swali ambalo ameuliza maisha yake yote ya utumishi: “Nasaini wapi?”

Akasaini. Tukasaini wote.

Ndani ya siku mbili samaki alishuka hadi sarafu tano. Wachezaji wakaanza kurudi, wengi wao kumtazama tu Kamishna, aliyekuwa na samaki elfu arobaini wa kutumbua, ghorofa lake limepigwa kufuli, na dole gumba lake la kweli limefungwa bandeji. Alimpigia Blandine simu akaamuru kanuni ifutwe mara moja.

“Inawezekana, Mheshimiwa. Inataka kikao. Nani anasaini mahudhurio?”

Mpaka leo hajapatikana mtu.

Mimi nilicheka sana. Nilikwenda hadi Kisenyi kumpongeza yule binti, nikamwambia kwamba katika kamati nzima, mwaminifu nilikuwa peke yangu. Nilikuwa naingia kusikiliza tu.

Blandine akafungua lile daftari la mahudhurio, akashuka nalo kwa kidole polepole.

“Papa Santo, vikao vitatu vya tarehe kumi na nne vina saini yako.”

“Nilikuwa na bidii siku hiyo.”

“Siku hiyo ulikuwa umelazwa hospitali. Ni mimi nilikuletea supu. Ulikuwa umelala.”

Nikakohoa. Nikamwuliza ni samaki wangapi.

“Elfu tisa.”

Nikatoa simu, nikaomba kiti, nikakumbuka hakuna. Basi nikakaa chini sakafuni, nikaanza kubonyeza. Mwaloni palikuwa pamejaa, na wa kwanza kunisalimia alikuwa Kamishna. Aliniomba nimwazime kisu.