Aliyemo Kwenye Bomba la Zablon

Jumatatu, 2 Juni

Hapa Makole hakuna anayejua mabomba kunishinda. Nusu ya mji huu inaoga kwa kazi ya mikono yangu. Haya, nusu ni nyingi. Nilifunga koki moja, ya jirani, nayo ilivuja mpaka wakahama. Lakini kujua, najua.

Leo bomba la chumba cha mbele limelia. Mlio mrefu, mwembamba, kama mtu anayeomba kitu huku amezibwa mdomo. Chumba hicho kina bafu ndani na hita ya maji moto. Amepanga Zablon, karani mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata suruali ya kulalia. Mimi, baba mzazi wa mwenye nyumba, nalala chumba cha uani na magunia ya karanga! Binti yangu Raheli kasema wazi: chumba cha uani kinageuzwa stoo. Zablon akihama, cha mbele changu. Asipohama, naenda Bahi kwa mdogo wangu, kusikiliza vyura na mkewe.

Zablon lazima ahame.

Jumanne, 3 Juni

Maji ya kisima chetu ni magumu. Sabuni haitoi povu. Birika limeota ukoko mweupe, koki zimeota ndevu. Zablon hajiulizi. Nimemkuta barazani, nikamwambia kwa huruma nyingi kwamba chumbani mwake alifia bibi mmoja, Asnath, akiomba maji, na hakuna aliyempa. Jina nimelitoa kwa mbuzi wangu wa zamani kule Chemba. Zablon kaacha chai yake nusu. Nimeimalizia mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuhama. Anamwamkia! Asubuhi nimetega sikio dirishani. Kasema, "Shikamoo, bibi," akafungua koki, na bomba likaitikia. Taratibu, kwa upole, kama wanavyoitikia wazee wenye nafasi. Kisha akakinga maji kwenye bilauri, akaiweka chini ya sinki, akamkaribisha anywe.

Alipokwenda sokoni nikaingia na ufunguo wa akiba. Nikafungua koki. Maji yakatoka uzi mwembamba, bila sauti. Nikaamkia na mimi, nione. Miaka sabini na nne, natoa shikamoo kwa mbuzi! Kimya. Kuinama chini ya sinki, bilauri tupu. Kavu. Ndani limebaki duara jeupe.

Joto la hita limeyakausha, bila shaka. Ila nimeumia. Bibi nimemtunga mwenyewe, halafu haniitikii.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa Cecilia, aliyekaa mtaa huu miaka mingi kuliko wote, anipige tafu kidogo: amwambie Zablon kwamba Asnath hukaba watu shingo. Alikuwa anachambua mlenda. Mikono ikasimama.

"Nani alikwambia habari za Asnath?"

Nikamjibu ni mbuzi. Hakucheka. Kasema Asnath alikaa chumba kile kabla Raheli hajanunua nyumba, mwaka ule kisima kilipokauka. Sikuuliza alikufaje. Akarudi kwenye mlenda wake, akaongeza kwamba bibi yule hakupenda waongo.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu. Hapakuwa na sababu. Napenda kutembea.

Jumatatu, 9 Juni

Raheli kamleta fundi, Erick. Nimejitolea kumsimamia. Kaniomba nimshikie spana, na nisiongee.

Akakata bomba la chuma linalotoka kwenye hita. Ndani, jiwe! Jeupe, tabaka juu ya tabaka, kama mfupa uliootea humo. Katikati kimebaki kitundu cha kupitisha sindano ya magunia. Erick kaeleza kwamba maji magumu yakichemka huacha jiwe lake njiani, siku kwa siku, mpaka bomba linajifumba. Maji yakilazimishwa hapo, yanapiga kelele. Basi. Hakuna bibi.

Kaweka bomba jipya la plastiki. Zablon akafungua koki, maji yakamwagika, hayakulia. Yeye ndiye aliyelia. Machozi kabisa! Kamwambia Raheli hatahama kamwe, bibi asije akarudi akakuta chumba hakina mtu. Raheli akanigeukia.

"Baba, gari la Bahi ni kesho saa nne. Nimeshaongea na dereva."

Kile kipande cha bomba kilichokatwa, Erick alikiegemeza ukutani uani. Saa kumi jioni kikalia. Mlio ule ule. Upepo tu, nikasema, Dodoma haikosi upepo. Nikatazama nguo kwenye kamba. Zilikuwa zimetulia kama zimepigiwa misumari.

Jumanne, 10 Juni

Saa mbili asubuhi. Begi limefungwa. Mwingine angeomba radhi akaondoka kimya. Mimi nimepata wazo, la uhakika kabisa safari hii: bibi akimwitia nje, Zablon atatoka kumfuata, chumba kibaki changu. Nimekibeba kile kipande, nikakisimika kwenye udongo chini ya dirisha la Zablon, kitundu kikimtazama. Kilikuwa cha baridi sana kwa kitu kilichoanikwa juani.

Sasa, bibi Asnath, tuelewane. Walikuwa wamekusahau, mtaa mzima. Nani kalirudisha jina lako midomoni mwa watu? Nani kakupatia shikamoo kila asubuhi na maji ya bure? Kwa hiyo kuna kafadhila kadogo unanidai... hapana, nakudai mimi. Sitaki makubwa. Mwite Zablon mara moja tu, kwa jina lake, kabla ya saa nne.