Shahidi wa Kwanza wa Mzee Yahya

Jumatatu, 7 Agosti 1950

Iandikwe hapa, wajukuu wasije wakabishana, kwamba leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi paka wa Mwinjuma alihama rasmi nyumba ya bwana wake, akavuka uchochoro, akaingia kwangu kwa hiari yake. Hakushawishiwa. Dagaa walikuwapo tu mlangoni. Mwinjuma anasema paka kaja kutembea. Mie nasema aliyekwisha kulala juu ya koti la karani kama mie si mgeni tena. Mwinjuma akaniuliza paka anaitwaje. Sikumjibu. Mtu na kazi yake hawezi kujua kila kitu.

Jioni, jambo jingine, dogo zaidi. Mzee Yahya sonara, ambaye nyumba yake iko katikati ya yangu na ya Mwinjuma hapa Chang'ombe, alituita kunywa kahawa. Akatwambia anahama. Anakwenda kwa bintiye, katika ile nchi mpya ya Wayahudi, ambako siku hizi Myahudi yeyote akifika hupokewa na kupewa pa kukaa. Nikamwuliza hilo linamhusu nini yeye. Akajibu kwa upole kwamba yeye ni Myahudi.

Miaka kumi na minane tumekaa ukuta kwa ukuta. Mie nilidhani Wayahudi waliishia kwenye Injili. Ni kama jirani akwambie yeye ni Mfilisti. Siku zote nilimchukulia kuwa Mwislamu asiye na haraka. Mwinjuma naye akaungama kwamba alimdhania Mwarabu wa madhehebu ya Ibadhi, maana katoka Aden na msikitini kwao haonekani. Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema ni kweli hakutwambia, lakini pia hakuna aliyemwuliza.

Shida yake hii. Karatasi zake zote za Aden zililiwa na mchwa. Yuko bwana mmoja kutoka Nairobi, Myahudi wa Ulaya, amefikia hotelini mjini mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, anapokea maombi ya watu wa safari hiyo. Anataka barua za majirani wawili waliomjua Mzee zaidi ya miaka kumi, waeleze ni mtu gani na anavyoishi na Mungu wake. Bila barua hakuna safari. Meli inaondoka tarehe 21. Mkewe Mzee alikwisha kufariki, na huyo binti ndiye mtu wake pekee. Ana mtoto wa miezi tisa. Mtoto ana meno sita. Mzee ameyahesabu kwenye picha.

Nikamwambia alale usingizi. Barua ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 8 Agosti

Fomu nimeiona. Ina mistari miwili: shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Fomu hiyo itapelekwa Yerusalemu. Maana yake jina la Revelian, karani wa stoo, mzaliwa wa Kamachumu, litaingia kabati la Yerusalemu kabla ya jina la padri yeyote ninayemfahamu. Lakini sharti liwe mstari wa kwanza. Mwinjuma anaweza kukaa wa pili. Kuna nafasi ya kutosha na upepo mzuri.

Wakati wa chakula cha usiku nilimwonyesha mke wangu Tekla njia atakayopita Mzee, kwenye ramani ya kitabu changu cha Historia Takatifu. Ramani haina Dar es Salaam. Haina hata Bukoba. Nikapima kwa kidole kutoka Misri kwenda kusini, nikatoka nje ya ukurasa, nikafika mezani karibu na chumvi. Nikamwambia sie tuko hapo. Tekla akauliza huyo binti wa Mzee anaitwa nani. Nikasema jina linakuja. Akasema anaitwa Saada, akaondoa chumvi.

Alhamisi, 10 Agosti

Mwinjuma ameanza kuandika! Nilipita kwake kurudisha jembe. (Jembe lilikuwa langu, lakini lazima mtu awe na sababu.) Nikasimama nyuma ya kizingiti. Alikuwa anamsomea mkewe kwa sauti ya hotuba. Kwamba Mzee Yahya hali nguruwe. Kwamba ametahiriwa, jambo ambalo sikuelewa shahidi amelijuaje. Kwamba kila Ramadhani hupelekewa futari na hurudisha bakuli na tende ndani. Kwamba kwa matendo hana tofauti na Mwislamu mwema, ila ni mtu wa kusali peke yake.

Nikaingiwa na baridi. Barua nzuri sana ile. Inanuka ushindi.

Mwinjuma akatoka, akanikuta na jembe. Akasema, "Karibu Bwana Karani, unalima kizingiti?"

Jumamosi, 12 Agosti

Nimemaliza. Kurasa nne, wino wa bluu.

Namna nilivyopata njia ni hii. Nilijiuliza: Mkatoliki akihama misheni moja kwenda nyingine hupewa nini? Hupewa barua ya padri, ya kumtambulisha kule aendako. Bila barua ile hata kwaya hawakupokei. Na Mzee anahamia wapi? Yerusalemu, mji wa Bwana wetu, misheni mama ya misheni zote. Basi nikatoa barua yangu ya mwaka 1932, niliyokuja nayo kutoka Bukoba, nikaifuata mstari kwa mstari. Kwamba Yahya ni mtu wa mwenendo safi. Kwamba jina lake ndilo la Yohane Mbatizaji. Kwamba anazijua Zaburi kwa kichwa kumpita katekista wetu. Kwamba Noeli hula kwetu. Kwamba hutoa zaka, hupokea masakramenti kwa wakati wake, na hana kizuizi cha ndoa.

Mwisho niliandika kuwa hapana Mkatoliki bora kuliko yeye mtaani hapa, kama tu angekuwa amebatizwa. Nilipoisoma tena, nikaona sentensi imerefuka, inachosha. Nikakata maneno ya mwisho.

Tekla akataka nimsomee. Nikasema ni mambo ya ofisini.

Jumatatu, 14 Agosti

Siku mbaya. Naandika polepole.

Tulikwenda mjini kwa miguu, watatu, nguo za sikukuu. Mzee alivaa koti alilofungia ndoa. Bwana wa Nairobi ni mwembamba, ana miwani, na Kiswahili chake ni cha kuagizia chai, ila kusikia anasikia, na kusoma anajua, anafuata kwa kidole. Alianza na ya Mwinjuma, eti ilikuwa juu. Nikamweleza kuwa hiyo ni bahati mbaya ya mpangilio. Akaendelea kusoma. Akavua miwani. Akachukua yangu. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Akauliza kama barua hizi mbili zinamhusu mtu mmoja.

Kisha akamwomba Mzee asome sala mojawapo ya kwao. Mzee akasimama, akafumba macho, akaisoma kwa sauti ya puani, tamu, kama mtu aliyekulia ndani yake. Bwana akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema sala hiyo haisomwi hivyo. Naye akaisoma. Mzee akamsahihisha. Yule naye akamsahihisha Mzee. Mmoja wa Ulaya, mmoja wa Aden, kitabu kimoja, na kila mmoja alimwona mwenzake mgeni. Mie na Mwinjuma tukatazama dari.

Bwana akafunga jalada. Akasema kwa mujibu wa mashahidi hawa, mwombaji ni Mwislamu wa Kanisa Katoliki, mseja, mwenye binti, na hana kizuizi cha ndoa. Hawezi kumpeleka. Labda, kabla ya Alhamisi jioni, aletewe mtu anayemfahamu kweli.

Tumerudi kupitia Gerezani. Karibu na nyumbani Mzee akavua koti, akalikunja vizuri, akasema pengine mjukuu ameota jino la saba.

Afadhali angenitukana.

Jumanne, 15 Agosti

Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Nilisali vibaya.

Jioni mie na Mwinjuma tukakubaliana kuandika barua moja ya pamoja, ya kukanusha zile mbili. Kazi ya robo saa. Ilichukua saa tatu. Kwanza tulibishana nani atangulie kutia sahihi, mwenye makosa makubwa au mwenye makosa mazuri. Kisha tukagundua jambo la aibu: hatujui tuandike nini. Myahudi hufanya nini? Mie najua aliyofanya Musa. Mwinjuma anajua hayo hayo, kwa mpangilio mwingine.

Halafu Mwinjuma akaweka kalamu chini. Akasema liko jambo linamkereketa, na asiposema litamvimbia. Amesikia kwa watu waliosoma magazeti kwamba nchi ile haikuwa tupu, kwamba wako Waarabu waliotoka na funguo za nyumba zao mifukoni. Akataka kumwuliza Mzee. Mie nikamzuia. Akaenda. Nikamfuata, kumzuia kwa karibu.

Mzee alikuwa anafuta mizani yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema jambo hilo amelisikia naye, na jibu hana, na asingependa kumwambia uongo mtu waliyekula naye bakuli moja. Yeye ana Saada tu. Popote Saada angekuwa, hata Mbagala, angekwenda.

Mwinjuma akakaa. Akasema basi, Mzee, hilo la mtoto nalijua. Akasaidia kuifuta ile mizani.

Barua haikuandikwa.

Alhamisi, 17 Agosti

Leo nilikaa stoo na rasimu ya saba. Nilikuwa nimeuliza kila mtu. Mhindi wa duka la vyuma akaniambia Wayahudi ni kama Waparsi. Katekista akaniambia nisome Mambo ya Walawi. Nikaisoma mpaka kwenye mijusi, kengele ya kazi ikalia.

Saa kumi nikakimbia kwenda hotelini. Nikawakuta wanatoka: Mzee Yahya, na Tekla wangu, kavaa gauni la kanisani, mkoba mkononi.

Asubuhi hakuniaga. Yafuatayo nimeyapata kwa Mzee, maana Tekla alisema tu kwamba amechoka miguu.

Bwana alimwuliza mama huyu anajua nini juu ya dini ya mwombaji. Tekla akasema dini yake haijui jina. Anachojua ni kwamba mwaka ule tuliohamia, Jumamosi moja alfajiri, mvua, alimkuta Mzee na mkewe wamekaa mbele ya jiko la baridi na makaa tele ndani. Alipouliza hawakusema kitu. Akawasha. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Mwaka wa tano mke wa Mzee akafa, akaendelea. Tangu hapo hajakosa, ila Jumamosi mbili alizojifungua. Akasema Ijumaa, jua halijazama, Mzee huwasha tambi mbili kwenye kopo la mafuta ya nazi, na huziacha zijizimie zenyewe. Akasema mara moja kwa mwaka, kabla ya masika kukolea, Mzee humpa unga wote ulio ndani, hata wa kwenye pembe za gunia, na siku nane hali mkate uliovimba.

Bwana aliuliza kama aliwahi kuambiwa sababu. Tekla akajibu kwamba mtu anayeona baridi hahitaji kukupa sababu.

Mzee anasema yule bwana aliivuta fomu karibu. Kisha akasema kwao, katika mji ambao tangu vita hauna tena watu wake, palikuwa na mama mmoja jirani aliyekuja Jumamosi, siku ya Sabato ambayo Myahudi hawashi moto, kuwasha jiko la mama yake. Jina lake alikuwa analikumbuka. Akalitaja. Halafu akagonga muhuri.

Zile barua zetu amezirudisha. Kwenye mstari wa kwanza wa fomu pameandikwa Tekla. Mstari wa pili ameupiga kalamu, hapakuhitajiwa mtu.

Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri mke wangu anatoka kitandani, miaka kumi na minane. Mie nilidhani anawahi foleni ya bomba.

Jumamosi, 26 Agosti

Mzee ameondoka Jumatatu, kwa meli ya kwenda Mombasa. Kutoka huko watampangia wenyewe. Jumapili iliyotangulia, nje ya kanisa, niliwaeleza watu jinsi barua yangu ilivyofungua njia. Kwamba iliwatikisa. Kwamba bwana wa Nairobi alivua miwani kwa heshima. Jambo hilo limeenea mpaka Temeke, na leo nimeulizwa ada yangu.

Daftari hili kwa sasa halisomwi na mtu, basi niandike yaliyokuwa. Barua yangu nusura imnyime mzee wa watu binti yake. Bandarini nilikuwa na hotuba mfukoni, ukurasa mmoja na nusu. Mzee akampa Mwinjuma mkono, wakashikana muda mrefu. Akampa Tekla kikuku cha fedha alichokifua mwenyewe, akamwita "binti yangu". Akaja kwangu. Hotuba sikuitoa. Nilimwuliza mjukuu anaitwa nani. Akasema anaitwa Salamu. Akanishukuru kwa kuuliza, na hakuwa ananitania. Nikageuka kutazama winchi inavyonyanyua magunia, nikaitazama sana, mpaka Mwinjuma akanipa leso yake na kusema hakujua kwamba Wahaya wanalizwa na winchi.

Hayo ndiyo ya kweli, na yamenifunza mengi.

Nyumba ya katikati imepata mpangaji tangu juzi. Fundi baiskeli, mtu mkimya, mrefu kidogo. Sijazungumza naye, lakini nimemtazama vizuri kupitia dirishani na nina hakika ni Mwanglikana. Utamjua kwa anavyofunga vifungo. Mwinjuma anasema huyo ni Mngazija, wala nisibishe. Tekla alikwenda kwake jana na sahani ya ndizi, akakaa kidogo, akarudi anatabasamu. Nikamwambia asinieleze kitu, nisije nikayumbishwa.

Nimeanza kumwandikia barua ya kumtambulisha, akija kuihitaji aikute tayari. Mwenendo safi, zaka, hana kizuizi cha ndoa. Imefika ukurasa wa tatu na inakwenda vizuri. Mahali pa jina nimeacha wazi kwanza.