Sehemu ya Chini ya Mwili

Jumanne, 4 Machi

Nafasi imetokea! Timu ya juu, ile ya ligi kuu tunayoilishia wachezaji, imepoteza mshambuliaji, kavunjika kidole cha mguu. Wanatafuta wa kuziba pengo. Msaka vipaji wao, Bwana Ostergaard, anakuja hapa Port Halloran kututazama Ijumaa na Jumamosi. Kocha Mackle ametuambia baada ya mazoezi, kisha akasema tusahau kwamba ametuambia.

Sisahau. Nina miaka thelathini na mbili. Nilitoka nyumbani Saskatchewan nikiwa na miaka kumi na sita, gongo la hoki ya barafuni begani. Nikalelewa na familia za watu katika miji ambayo ramani yenyewe inaionea haya. Timu kubwa zilipogawana vijana, nikachaguliwa raundi ya mwisho. Nikateremshwa, nikauzwa, mara moja nikabadilishwa kwa kipa wa akiba na basi kuukuu. Misimu kumi na moja ligi ya chini. Juu sijacheza hata dakika moja.

Dakika moja tu ndiyo naitaka. Mtu akishacheza dakika moja juu, hakuna wa kumnyang'anya. Atazikwa nayo.

Na hii ndiyo mara ya mwisho. Babamkwe, mzee Art, ananingoja dukani kwake niuze mashine za kuondolea theluji. Tulikubaliana: msimu ukiisha sijaitwa juu, naingia dukani. Nilikubali nikiwa nakula pai ya mamamkwe. Mtu hukubali mengi mdomo ukiwa umejaa.

Kinyang'anyiro ni mimi na Thibodeau. Wengine wanapasha benchi moto.

Jumatano, 5 Machi

Thibodeau ana miaka ishirini, anatoka Quebec, na anaishi katika chumba cha chini cha nyumba yangu. Ndiyo desturi yetu: mchezaji kijana hulelewa na familia ya mji. Mke wangu Charlene alimchukua Septemba bila kuniuliza. Alisema hata mimi nililelewa hivyohivyo. Kweli. Lakini mimi sikuwa nakula hivi! Leo kamaliza perogi zote za jana, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, na maziwa yote. Kisha akaosha vyombo. Mnafiki.

Kwenye barafu anateleza utadhani alizaliwa na viatu vya kutelezea miguuni. Pasi zake hazina makosa. Hasira hana. Ni mtu wa kuogopwa.

Mezani akasema, "Mzee, wakikuchukua wewe nitafurahi kama vile wamenichukua mimi." Charlene akamtazama kwa jicho la mama mzazi. Nikamwambia asante dogo, na mimi pia. Kisha nikaenda gereji kufikiria namna ya kumzuia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Wakati tunanoa vyuma vya viatu, kocha kasimulia habari za Ostergaard. Eti ana udhaifu mmoja: anampenda mchezaji anayecheza na maumivu. Mwaka juzi alimchukua jamaa aliyefunga bao taya likiwa limevunjika. Namjua yule jamaa. Kuteleza kinyumenyume hajui. Lakini taya lilimpeleka juu, na mpaka leo yuko huko anakunywa supu kwa mrija.

Kumbe! Kipaji ni cha watoto. Ngazi ya watu wazima ni maumivu.

Nimechagua goti. Nitachechemea kidogo, kwa heshima, kama mtu anayeficha. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka Charlene akauliza nina nini. Nikasema sina kitu, kwa sauti ya mtu mwenye kitu.

Mchana nikaenda kwa Bev, mtabibu wetu wa viungo, nikamwomba anifunge bandeji. Nene. Ionekane hata kutoka juu jukwaani. Bev akaduwaa. Alisema miaka yote hii hajamwona mchezaji akija kwake kwa miguu yake mwenyewe. Wachezaji humkimbia. Wanajificha chooni. Kuna mmoja alivunjika mkono akaja kumwambia ni mafua. Akanionya: "Nikikufunga, Lorne, lazima nimwambie kocha, na kocha lazima atangaze." Nikamwambia atangaze tu, na kama redio ina nafasi, itangaze mara mbili.

Saa ya habari za michezo nikaongeza sauti. "Hrabchuk ana maumivu ya sehemu ya chini ya mwili. Hali yake inatazamwa siku hadi siku." Timu zetu huwa hazisemi zaidi ya hapo, ili adui asijue pa kupiga. Mtu akikatika mguu mzima ni sehemu ya chini ya mwili. Kukatika kichwa ni ya juu.

Imependeza sana hewani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mechi kila mchezaji hulala mchana. Asiyelala, miguu humsaliti kipindi cha tatu. Basi Thibodeau alipojifunika blanketi, nikawasha mashine ya theluji chini ya dirisha lake. Nikaisukuma mbele, nikairudisha, mbele, nyuma.

Akatoka na ndara. Nikajiandaa kwa ugomvi. Badala yake akapiga kelele, "Mzee! Na goti hilo? Hebu toka hapo!" Akaninyang'anya mashine, akasafisha njia yetu yote, na ya jirani, na ya mama mjane wa kona. Majirani wakatoka kumshangilia. Mimi nimesimama kibarazani nimeshika goti. Halafu akarudi ndani akalala fofofo. Mimi sikupata hata lepe la usingizi.

Lakini mechi! Sijawahi kucheza hivi maishani. Mabao mawili! La pili pasi ilitoka kwa Thibodeau, siwezi kukana, ingawa nimejaribu. Kila nikirudi benchi nachechemea. Ostergaard amekaa juu kabisa, kikombe cha kahawa mkononi, haondoi macho.

Kasoro moja ndogo. Kipindi cha kwanza nilichechemea mguu wa kushoto. Cha tatu, wa kulia. Aliyegundua ni Bev peke yake. Akasema maumivu yanahama, basi huenda ni nyonga. Akaongeza bandeji.

Baada ya mechi Ostergaard akanifuata mlangoni. "Nimekuona, Hrabchuk. Mguu unaendeleaje?"

Nikamjibu, "Mguu gani?"

Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Alidhani ni ushujaa. Kwa kweli nilikuwa nimesahau ni upi.

Jumamosi, 8 Machi

Mji wetu ni mdogo, kwa hiyo inabidi nichechemee kila mahali. Mkahawani wamenipisha kiti. Fundi bomba amenibebea mfuko wa viazi mpaka garini. Nyumbani Charlene amenikataza kupanda ngazi, ananiletea supu kwenye kochi. Nimegundua kwamba maisha ya mgonjwa yana mpangilio mzuri.

Usiku wa mechi kocha akaniuliza mbele ya wote kama naweza. Nikasema hata kwa mguu mmoja. Kipa wetu, ambaye siku ya mechi hasemi neno na mtu, akaniambia neno.

Nikafunga bao moja. Kisha nikaona nipigilie msumari wa mwisho. Zikiwa zimebaki dakika chache nikaanguka karibu na ubao unaozunguka uwanja, nikakataa machela, nikakubali bega la Thibodeau. Tulipokuwa tunatoka, wachezaji wakaanza kugonga magongo yao ubaoni, timu zote mbili, kama tunavyomfanyia aliyeumia. Uwanja mzima ukasimama. Machozi yakanitoka. Yalikuwa ya kweli, sijui yalitokea wapi.

Thibodeau akaninong'oneza, "Vumilia, mzee. Wewe ndiye unayekwenda. Kila mtu anajua." Nikamwegemea zaidi. Dogo ana mabega magumu.

Jumapili, 9 Machi

Simu imelia asubuhi. Niende ofisini kwa kocha.

Nikamkuta na Bev. Kocha akasema wale wa juu wamempigia. "Ostergaard amekutaja wewe, Lorne. Wa kwanza kabisa. Kasema katika safari zake zote hajaona mtu wa namna yako."

Nikaanza kufungua bandeji.

Kocha akasema ngoja. Wa juu wanamtaka mtu Jumanne. Wamemuuliza Bev. Na mchezaji aliyetangazwa ana maumivu haruhusiwi kupanda mpaka wiki ipite na atazamwe upya. Ndiyo kanuni. "Wamemchukua Thibodeau. Yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Pole sana, mwanangu."

Nikawaambia nimepona. Kocha akatabasamu kwa huzuni, akasema hajawahi kumwona mchezaji asiyepona simu ikilia. Nikachuchumaa mara kumi. Nikaruka juu ya meza yake, nikashuka kwa mguu mmoja, ule mbaya, yaani wowote. Bev akafunika uso, hakuweza kutazama.

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya ofisini. Nikasema ukweli. Nilidanganya! Goti halijawahi kuniuma! Nilichechemea ili Ostergaard anipende!

Bev akaniwekea mkono begani. Alisema amesikia uongo wa kila namna katika kazi hii, lakini hajawahi kumsikia mtu akijiita mwongo ili tu aruhusiwe kucheza. Kocha akatoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Sasa ndiyo nimeelewa. Katika kazi yetu kila mtu hudanganya kwamba ni mzima. Tangu hoki ianze hakuna aliyedanganya kwamba ni mgonjwa. Hawana hata pa kuliweka jambo kama hilo.

Nikajaribu kwa Charlene. Nilimwambia yote, tangu kioo mpaka machela. Akanishika shavu, akasema, "Lorne wewe," akaenda kuniletea barafu.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Art na mamamkwe wamekuja kutazama mechi ya Thibodeau kwenye runinga yetu. Pai ipo.

Kule juu kuna desturi. Mgeni akicheza mechi yake ya kwanza, husukumwa atangulie barafuni, na wenzake hujibana mlangoni wasitoke. Anazunguka peke yake, bila kofia ngumu, uwanja mzima unamtazama. Halafu ndipo wengine wanamfuata.

Thibodeau alipotoka aligeuka nyuma kuwatafuta wenzake, asiwaone. Akaelewa. Akacheka. Akazunguka.

Mimi mzunguko ule naujua. Nimeuzunguka kichwani tangu nina miaka minane, kwenye dimbwi lililoganda nyuma ya ghala la baba. Nasema wazi: imeniuma. Nimeumia mahali ambapo redio haina jina lake.

Kabla ya mechi wakamuuliza anasemaje. Akasema nafasi hii ni ya mzee Lorne Hrabchuk wa Port Halloran, aliyecheza kwa mguu mmoja, na kwamba yeye anamshikia tu. Charlene akalia. Mamamkwe akalia. Mzee Art, ambaye tangu harusi hunipa vidole viwili tu nikimsalimu, leo kanipa mkono mzima. Akasema duka halihami.

Nikaenda gereji. Mashine ya theluji ilikuwa imefutwa, imetiwa mafuta na kamba mpya ya kuwashia. Thibodeau kaitengeneza kabla ya kuondoka, ili nisihangaike na goti. Nikakaa juu ya ndoo nikalia mpaka pua ikaziba. Nilipotoka nikawaambia ni petroli.

Jumatatu, 17 Machi

Bev amenitazama. Mzima! Ametangaza mwenyewe, na furaha tele.

Na kuna habari kubwa zaidi. Thibodeau wamembakiza, na mshambuliaji mwingine wa juu kaumia, sehemu ya chini ya mwili. Ostergaard anarudi Ijumaa. Kocha kafunga mlango, akaniambia safari hii anakuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Mabao yangu ameshayaona. Moyo wangu ameshauona. Jumamosi asubuhi ananipandisha ndege. "Hatakiwi mtu wa ajabu, Lorne. Anatakiwa mtu mzima. Uwe mzima tu mpaka Ijumaa. Utaweza?"

Nikasema hilo ni dogo.

Nimekaa gereji mchana kutwa, juu ya ndoo ileile, nikijichunguza bila huruma. Mtu akikosea lazima ajue alipokosea, la sivyo atarudia. Nikajiuliza: mpango ulikuwa mzuri, Ostergaard alinipenda, uwanja ulisimama. Ulivunjikia wapi?

Nimepaona. Ni mguu! Huu ni mchezo wa kuteleza. Nani atampandisha mtu asiye na mguu? Kosa la kitoto kabisa, nashangaa halikunijia mapema. Na nikija Ijumaa nikiwa mzima hivihivi, si Ostergaard ataniona wa kawaida? Atajiuliza yule shujaa kaenda wapi.

Bega ni jambo jingine. Bega halitelezi.

Jioni nimepita kwa Bev. Alinitazama, akachukua bandeji. Redio imeshatangaza, na safari hii sauti ya mtangazaji ilikuwa na majonzi ya kutosha: "Hrabchuk, sehemu ya juu ya mwili."

Naandika hapa nisije nikasahau. Ni bega la kushoto.

Au nilimwambia la kulia?