Maandazi Nane kwa Jina Moja

Jumatatu, 2 Juni

Mtoto ana siku tatu. Wa kike, mzima, sauti ya dalali wa mnada. Jina hana. Hapa Musanze jina lasubiri siku ya nane: watoto wa jirani waje, walime kidogo uani, wale, kisha kila mmoja amtajie mtoto jina analolitaka. Baba anamalizia.

Mimi langu ninalo tangu mimba ya miezi mitano. Teta, yaani adeke. Fupi. Unaweza kuliita huku umeshika sufuria ya moto. Kumbe mama mkwe naye analo. Nyirabagenzi, mama wa wasafiri, jina la marehemu mama yake. Kaja nalo kutoka Nyamagabe pamoja na gunia la mtama wa kunipikia uji. Uji wenyewe nimekunywa vikombe sita leo. Sijaomba hata kimoja.

Mchana tukaanza. Mimi Teta, yeye Nyirabagenzi, mtoto analia, nami namwambia nyamaza. Mume wangu Gatera, ambaye ugomvi anaukimbia kuliko mvua, akaweka kijiko chini. Akasema yeye si kuku wa kugawanywa mapaja na wanawake wawili. Jumamosi watoto watasema, na jina litakalotajwa na watoto wengi ndilo hilo hilo. Akaapa.

Mama mkwe akasema sawa, mwanangu. Nami nikasema sawa, kwa sauti ya mzazi aliyechoka. Moyoni nilikuwa nacheka. Watoto wa mtaa huu nawajua, na bei yao naijua.

Jumanne, 3 Juni

Wapiga kura ni wanane. Gasaro wangu, miaka sita. Iriza, wa jirani yangu Mama Iriza, miaka saba. Watoto watano wa fundi baiskeli, ambao mimi huwaita kwa jumla. Na Ngabo wangu, miaka mitatu. Ngabo simhesabu. Jana kutwa nzima alikuwa mbuzi, na akakataa kula kwenye sahani.

Mpango ni huu: andazi moja kwa kila kichwa, likabidhiwe baada ya kutamka Teta mara tano bila kukosea.

Mzazi wa siku nne hatakiwi jikoni. Natakiwa nilale, ninywe uji, nitazamwe. Nikangoja mama mkwe aende kanisani nikakanda unga kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mtoto. Analia. Nyamaza, mama, mafuta yanaungua. Nyamaza. Ngabo kakaa chini ya meza muda wote, ananisikiliza. Nilidhani bado ni mbuzi.

Mama mkwe aliporudi akanusa mlangoni. Nikasema ni kwa jirani. Akasema jirani leo kakaanga vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi nyuma ya jiko. Nimegundua jambo kubwa. Watoto hawana msimamo. Akisema wa kwanza, wote wanafuata mkondo, hata kama amesema upuuzi. Kwa hiyo wa kwanza lazima awe Gasaro.

Gasaro akaniuliza wa kwanza anapata nini. Nikamwambia andazi kubwa kuliko yote. Akataka liwe kwenye sahani, si mkononi, na wenzake waone. Tumeafikiana. Yule ni damu yangu, wala sina shaka.

Tatizo ni Iriza. Mtoto yule anasalimia kwa mikono miwili, anakunja nguo zake mwenyewe, na mama yake haachi kututajia. Nikampa andazi. Akashukuru, akainamisha kichwa, akasema yeye hali vitu vitamu kabla ya chakula. Na kuhusu jina, atalifikiria. Miaka saba! Nikamwambia basi ambebe mtoto kidogo. Akaenda kunawa mikono kwanza. Aliporudi akaitazama yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimehujumiwa.

Nilisikia makofi kwenye shamba la viazi. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe kaketi kwenye kigoda, bibi wa watu, mbele yake watoto wa fundi wote watano wanatafuna miwa na kuimba Nyirabagenzi kwa kupokezana. Mwishoni kila mmoja anapewa kikombe cha maziwa mala. Gasaro ndiye anayegawa vikombe!

Nikamwita ndani. Nikamuuliza yuko upande gani. Akanijibu kwamba yuko pande zote mbili, kwa sababu maandazi yananata na maziwa yanateremsha.

Sikulala mchana. Mtoto naye hakulala. Nyamaza basi, nimesema, kuna mtu anajaribu kukupa jina zuri hapa. Jioni nikamwambia Gasaro kwamba andazi lake sasa litapakwa asali. Nikalificha juu ya kabati, kwenye sahani, nimelifunika. Mama mkwe hana asali. Kesho nimeshinda.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia. Wageni bado wapo uani, nasikia wanavyocheka.

Asubuhi Gasaro aliikuta sahani tupu. Ngabo alikuwa na asali mpaka kwenye nyusi. Gasaro hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Akatangaza kwamba kwa kuwa makubaliano yamevunjwa, leo yeye hataji jina la mtu. Nikamwahidi mawili kesho. Akasema mambo ya kesho ameshayasikia sana katika nyumba hii. Sijui maneno haya anayatoa wapi.

Wageni wakajaa. Nikakalishwa kwenye mkeka na mtoto, kanga mpya, tabasamu. Watoto wakapewa vijembe, wakalima kipande chao. Gatera akawarushia maji, akatangaza mvua imenyesha, wakakimbilia ndani wakipiga kelele, kiangazi chote hiki. Wakala maharage na mboga kwenye ungo mmoja. Iriza pekee hakumwaga.

Kisha Gatera akauliza nani aanze. Nikamkonyeza Gasaro. Gasaro akatazama dari. Mama mkwe akamkonyeza mtoto mkubwa wa fundi, naye ndiyo kwanza anavuta pumzi, Ngabo akasimama. Akasema yeye ndiye kaka, ataanza yeye. Watu wakampigia makofi. Nami nikapiga, mjinga mimi.

Ngabo akawaambia wanasumbuka bure. Mtoto huyu ana jina tayari. Anaitwa Nyamaza.

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Gatera akamuuliza nani alimpa jina hilo. Ngabo akasema mama ndiye anamwita hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Na akaiga sauti yangu. Kaiiga vizuri sana, hata mtoto mapajani akageuza kichwa.

Kuona watu wanacheka, watoto wa fundi wakasema Nyamaza, wote watano, mmoja baada ya mwingine. Iriza akasema kwamba amelifikiria, na kwa kuwa ndilo jina la kweli, Nyamaza. Hata Gasaro alivunja mgomo wake kwa ajili hiyo. Kura nane. Si Teta hata moja. Si Nyirabagenzi hata moja. Mama mkwe alicheka mpaka akalegea, kisha akamkumbusha mwanawe kwamba kiapo ni kiapo.

Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mtoto wa siku nane nikajaribu kukumbuka neno jingine lolote nililowahi kumwambia. Sikulipata. Wiki nzima nampigania jina, na nimemwambia neno moja. Niliona aibu, machozi yakanitoka mbele ya wageni, na kibaya zaidi mbele ya Mama Iriza.

Gatera aliniona. Akachuchumaa, akamuuliza Ngabo: na mama asiposema nyamaza, huyu ni nani? Ngabo akafikiri, maharage mdomoni. Akasema ni wetu. Basi wale watano, wasio na msimamo, wakapaza sauti, wetu, wetu, na wengine wakafuata. Gatera akasimama haraka kabla hawajabadilika. Akatamka: Uwacu, wa kwetu.

Mama mkwe akashika mkono wangu. Akasema hata yeye wanawe wote alikuwa anawaambia nyamaza, na Gatera ndiye aliyesikia. Nimempenda kwa dakika nzima.

Jumatatu, 9 Juni

Uwacu ni jina zuri. Nimewaambia watu wote kwamba lilikuwa moyoni mwangu tangu mwanzo.

Nimejifunza mengi. Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba mipango basi, na mtoto atasikia maneno matamu tu. Niliahidi jana kanisani. Pale pale mama mkwe akaninong'oneza kwamba jina la ubatizo litakuwa Verediana.

Verediana! Mimi nataka Sandrine.

Ubatizo ni wiki mbili zijazo. Makosa yangu nimeyaona: niliwekeza kwa Gasaro wakati mwenye nguvu ni Ngabo. Padri anauliza jina mara moja tu, na Ngabo ana sauti. Leo nimekaanga mapya. Nimemkalisha chini ya meza ile ile, tumeanza, sema Sandrine. Akataka asali kwanza. Nimempa.

Katikati ya somo Uwacu akaanza kulia. Nikamwambia nyamaza. Akanyamaza.

Ngabo akanitazama kwa huruma, andazi shavuni. Akasema: unaona mama, anaitika.